Maji ya Ziwa Victoria yakigeuka kijani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vijiumbe, mwani na magugu maji

Majibu haya ni ya wavuvi, wafugaji wa samaki wa vizimba, kamati za maji za vijiji, walimu wa baiolojia na kila anayeteka maji ziwani. Mifano mingi inatoka Ghuba ya Winam (Kenya), Ghuba ya Mwanza (Tanzania) na Ghuba ya Murchison (Uganda). Huko maji hayana kina kirefu, mito na mifereji ya miji inamwaga uchafu wake, na mabadiliko huonekana mapema kuliko katikati ya ziwa.

Kile kijani kinachotanda juu ya maji ni nini hasa?

Mara nyingi ni sianobakteria, ambao wengi huwaita mwani wa kijani-buluu. Kwa kweli si mwani. Ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea. Katika Ziwa Victoria utawakuta hasa Microcystis, wanaoishi kwa makundi ndani ya ute, na Dolichospermum (zamani waliitwa Anabaena), ambao chini ya hadubini ni kama uzi wa shanga. Upepo ukiwasukuma ufukweni wanakuwa tabaka zito, mithili ya rangi ya mafuta iliyomwagika.

Angalia vizuri rangi inapobadilika. Tabaka likianza kuwa na mabaka ya samawati angavu au meupe, seli zinapasuka na rangi ya ndani inavuja. Sumu iliyokuwa imefungiwa ndani ya seli inatoka wakati huohuo. Kwa hiyo tabaka linalooza ni la hatari zaidi kuliko lile bichi la kijani, ingawa watu hudhani tatizo limeanza kuisha.

Nitawatofautishaje na mwani wa kawaida au mimea midogo inayoelea?

Kuna njia mbili zisizohitaji maabara. Vaa glavu za mpira kwa zote mbili.

Ya kwanza ni kijiti. Kichovye kwenye kile kijani kisha ukiinue. Kikitoka na nyuzi ndefu kama nywele zilizolowa, huo ni mwani wa nyuzi. Kikitoka kimepakwa kama brashi ya rangi, shuku sianobakteria. Ukiona vijani vidogo vyenye umbo, vingine vikiwa na kimzizi kinachoning'inia, hiyo ni lemna au azola, mimea kamili isiyo na sumu hiyo.

Ya pili ni chupa. Jaza maji robo tatu ya chupa angavu, funga, iache usiku kucha mahali penye ubaridi bila kuitikisa. Sianobakteria wenye vifuko vya hewa watapanda juu na kufanya pete ya kijani shingoni. Mwani wa kawaida utazama chini. Jaribio hili lina kasoro mbili: si sianobakteria wote wanaoelea, na halikuambii kama waliopo wana sumu. Microcystis wenye sumu na wasio na sumu hufanana kabisa hata chini ya hadubini.

Inakuwaje jana maji yalikuwa safi na leo alfajiri yamefunikwa?

Hawakuzaliwa usiku mmoja. Walikuwemo, wametawanyika ndani ya maji. Microcystis wana vifuko vidogo sana vya hewa ndani ya seli, na kwa hivyo hupanda na kushuka. Mchana seli hujaza wanga kutokana na usanisinuru (kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua), huwa nzito na kuzama kidogo. Usiku huutumia ule wanga, huwa nyepesi na kupanda. Siku zenye upepo, mawimbi huwachanganya na hawaonekani. Upepo ukitulia siku mbili tatu, wote wanakuja juu kwa pamoja, kisha upepo mwepesi wa ziwani unawarundika kwenye mwalo mmoja.

Ndiyo maana utabiri mzuri kwa mwenye kizimba au pampu ya maji ni huu: mvua kubwa iliyoleta tope, ikifuatiwa na jua kali na utulivu wa siku kadhaa. Microcystis hustawi maji yakizidi nyuzi joto 25, na tabaka la juu la Ziwa Victoria huwa kati ya 24 na 28 karibu mwaka mzima. Maziwa ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini hupata baridi ya kuwapunguza kila mwaka. Hapa nafuu hiyo haipo. Kinachowapa mapumziko ni pepo za kusini-mashariki za Juni hadi Agosti, zinazochanganya ziwa lote kutoka juu hadi chini.

Virutubisho vikiisha majini, si watakufa?

Hapa ndipo viumbe hawa wanapoonyesha walivyozoea dhiki. Nitrojeni ikipungua, Dolichospermum hubadilisha baadhi ya seli za uzi wake kuwa seli maalumu zenye kuta nene, zisizoingiza oksijeni, na ndani yake huvuna nitrojeni ya hewani. Microcystis hawawezi kufanya hivyo, lakini hunufaika baadaye wenzao wakifa na kuachia nitrojeni ile.

Fosforasi ikiwa nyingi, seli huchukua kupita mahitaji ya siku hiyo na kuihifadhi kama chembechembe ndani yake. Akiba hiyo hutosha kugawanyika mara kadhaa hata kama maji yanayozizunguka hayana fosforasi ya kupimika. Kwa hiyo ukipima fosforasi iliyoyeyuka ukapata karibu na sifuri, usitangaze kwamba maji ni salama. Pima fosforasi yote, pamoja na iliyo ndani ya seli.

Hali ikizidi kuwa mbaya, Dolichospermum huunda seli za kungojea, ngumu kama mbegu, zinazolala kwenye tope hadi mambo yawe mazuri. Microcystis nao hushuka na kukaa juu ya tope wakiwa hai.

Kwa sababu hizi, kupambana na nitrojeni peke yake katika ziwa hili hakutoshi. Fosforasi haina chanzo cha hewani cha kuvunwa na bakteria. Inaletwa na udongo uliomomonyoka, maji taka, moshi na vumbi la mashamba linalodondoka ziwani, na chakula cha samaki. Hivyo ndivyo vya kubana.

Nikichemsha maji, sumu inaisha?

Haiishi. Sumu kuu, mikrosistini, ni mviringo mdogo wa asidi-amino saba na hauvunjwi na maji yanayochemka. Kuchemsha kunaua bakteria, lakini kunapasua seli na kuongeza sumu iliyoyeyuka kwenye sufuria, na kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo yanavyokolea. Kuanika chupa juani nako hakuitoi.

Mwezi Agosti 2014, mji wa Toledo huko Ohio, Marekani, uliwaambia wakazi wapatao laki nne wasinywe maji ya bomba kwa siku kadhaa kwa sababu ya sumu hii kutoka Ziwa Erie, na tangazo lilisisitiza kwamba wasiyachemshe. Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazil, zaidi ya wagonjwa 50 wa figo walikufa baada ya mashine za kusafishia damu kutumia maji yenye sumu hii. Hospitali yoyote kando ya ziwa inayosafisha damu inapaswa kulichukulia jambo hili kama la kwanza kabisa kwenye orodha yake.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiasi cha mikrosistini kisizidi mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa kila siku maisha yote, na mikrogramu 12 kwa muda mfupi.

Kijiji chetu hakina chanzo kingine ila ziwa. Tufanye nini?

Kanuni ni kutoa seli zikiwa nzima, kisha kushughulika na kilichobaki. Ukizipasua kwanza umejiongezea kazi.

Teka mbali na ufuko, chini ya uso wa maji kwa angalau nusu mita, upande ambako upepo unatokea. Chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne hadi nane. Makundi makubwa ya Microcystis yatabaki kwenye kitambaa, ila sumu iliyokwisha kuyeyuka itapita.

Mkitumia shabu kwenye tangi la kijiji, msikisie kipimo. Yeyusha gramu 10 za shabu katika lita 1 ya maji safi. Kila mililita 1 ya mchanganyiko huo katika lita 1 ya maji ya ziwa ni miligramu 10 kwa lita. Panga mitungi mitano ya lita moja moja, weka mililita 2, 3, 4, 5 na 6. Koroga haraka dakika 1, polepole dakika 15, kisha acha itulie nusu saa hadi saa nzima. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote kilichotoa maji angavu. Rudia jaribio kila maji yanapobadilika, kwa sababu sianobakteria hupandisha pH (kipimo cha uasidi na ualkali wa maji) hadi kupita 9 mchana, na shabu hufanya kazi vizuri zaidi kati ya 6 na 7.5. Kuteka alfajiri, pH ikiwa imeshuka, kunapunguza shabu inayohitajika. Ondoa masimbi ya chini kila siku: seli zilizozama hufa baada ya siku chache na kurudisha sumu kwenye tangi.

Chujio la mchanga la mwendo wa polepole ni bora zaidi pale lilipo. Mchanga uwe mwembamba, milimita 0.15 hadi 0.35, kina cha sentimita 80 hadi mita 1, na maji yashuke sentimita 10 hadi 20 kwa saa, yasizidi hapo. Kinachofanya kazi kubwa ni utando wa vijiumbe unaoota juu ya mchanga. Baadhi ya bakteria wake, wa jamii ya Sphingomonas, wana vimeng'enya vya kuukata ule mviringo wa mikrosistini. Utando huo huchukua majuma kadhaa kukomaa. Chujio likiziba, kwangua sentimita 1 hadi 2 za juu tu, na siku chache zinazofuata usiyaamini maji yake, kwa kuwa umeondoa pia walinzi wako.

Klorini iwe ya mwisho, baada ya maji kuchujwa. Ikibaki miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, na pH ikiwa chini ya 8, huvunja sehemu kubwa ya mikrosistini. pH ikiwa 9 nguvu yake hupungua sana. Ukiiweka kwenye maji ya kijani bila kuchuja, inapasua seli na kuishia humo.

Mkaa wa jikoni hausaidii. Mkaa unaonasa sumu ni ule uliotengenezwa maalumu kwa mvuke na joto kali ili uwe na vinyweleo vingi. Kwa watoto wachanga na wagonjwa, tumieni maji ya mvua au kisima hadi tabaka liondoke.

Jirani ameniambia nimwage mrututu bwawani.

Usifanye hivyo kwenye maji ya kunywa. Mrututu, yaani chumvi ya shaba, unaua sianobakteria kweli, na hapo ndipo tatizo lilipo: unawaua wote kwa pamoja. Mwaka 1979 kwenye kisiwa cha Palm, Australia, bwawa la maji ya kunywa liliwekwa mrututu ili kuondoa kijani. Baada ya siku chache watu 148, wengi wao watoto, waliugua ini na figo. Seli zilizokufa zilikuwa zimeachia sumu yake yote majini.

Kwenye bwawa la samaki kuna janga la pili. Bakteria waozeshao hushambulia mzigo wa seli zilizokufa na kumaliza oksijeni ndani ya saa 24 hadi 48. Tena shaba haipotei. Inakaa kwenye tope na kudhuru konokono, wadudu wa majini na mimea kwa miaka.

Samaki wa maji ya kijani wanaliwa?

Mikrosistini hukusanyika zaidi kwenye ini na utumbo kuliko kwenye mnofu. Sato na sangara: toa matumbo yote bila kuyapasua, osha kwa maji safi, kula mnofu. Dagaa huliwa mzima na matumbo yake, kwa hiyo wakati wa tabaka zito chagua waliovuliwa mbali na ghuba. Samaki aliyeokotwa akielea amekufa asiliwe na mtu wala kuku, na ng'ombe wasinyweshwe penye tabaka.

Kwa nini samaki wa kizimba hufa alfajiri, si mchana?

Kwa sababu usiku kila kiumbe kinavuta oksijeni na hakuna kinachoitengeneza. Kwa mwinuko wa Ziwa Victoria, mita 1,134 juu ya bahari, maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa huwa na miligramu 7 hivi za oksijeni kwa lita. Maji ya kijani yanaweza kupita hapo sana saa 9 alasiri, halafu saa 11 alfajiri yakawa chini ya 2. Anayepima mchana peke yake anajidanganya. Sato huanza kupata shida chini ya miligramu 3.

Kuna na shida ya mchana. Usanisinuru ukimaliza kabonidayoksaidi, pH hupanda, na amonia inayotoka kwenye kinyesi cha samaki hugeuka kuwa ya sumu. Katika nyuzi 25, pH ikiwa 7 ni chini ya asilimia 1 tu ya amonia iliyo katika hali hiyo ya sumu. Kwenye 8 ni asilimia 5 hivi, na kwenye 9 ni zaidi ya theluthi. Samaki aliyechoka kwa amonia jioni ndiye hafiki asubuhi oksijeni inapoanguka.

Janga kubwa zaidi hutokea upepo wa ghafla unapopindua maji: maji ya chini yasiyo na oksijeni, wakati mwingine yenye harufu ya yai bovu, hupanda hadi vizimbani. Hakuna dawa ya kuzuia hilo. Kuna mahali pa kuweka kizimba: penye mkondo, mbali na mdomo wa mto na kona tulivu ya ghuba, na kina kinachoacha mita kadhaa chini ya wavu.

Ukiona samaki wanahema juu ya maji, acha kulisha mara moja. Samaki aliyekula hutumia oksijeni zaidi kumeng'enya, na chakula kisicholiwa huozeshwa na bakteria. Rusha maji kwa pampu, ukivuta ya juu kabisa, si ya chini. Sugua nyavu: tundu la wavu lililofunikwa na mwani hupitisha maji kidogo sana. Wahamishe au wavue waliofikia uzito kabla ya usiku.

Gugu maji linawezaje kustahimili kila kitu?

Gugu maji asili yake ni bonde la Amazon. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika zaidi ya hekta 15,000. Penye virutubisho na joto la nyuzi 28 hadi 30 huongezeka maradufu kwa wiki moja hadi mbili, kwa kutoa vikonyo vya pembeni vinavyozaa mche mpya. Mbegu zake hudumu kwenye tope hata miaka 20, zikisubiri maji yapungue na mwanga uzifikie.

Umbo lake hubadilika kufuatana na hali, na ukilizoea utasoma maji kwa kuliangalia tu. Mizizi mirefu, myeusi au ya zambarau, yenye manyoya mengi inaonyesha maji yenye virutubisho haba: mmea umewekeza kwenye kutafuta. Mizizi mifupi chini ya majani marefu ya kijani kibichi inaonyesha maji yaliyoshiba, na mara nyingi kuna mfereji wa maji taka karibu. Mashina ya majani yaliyovimba kama vibofu ni ya mimea yenye nafasi, inayohitaji kuelea na kusambaa. Mashina membamba marefu yasiyo na kibofu ni ya mimea iliyobanana, kila mmoja ukigombea mwanga. Ukingo wa zulia ukiwa na vibofu vingi, linapanuka.

Chumvi ndiyo dhiki lisiyoiweza: maji yakifikia gramu 6 hivi za chumvi kwa lita huanza kufa. Kwa hiyo halishiki kwenye maziwa ya magadi wala baharini.

Chini ya zulia mambo ni mengine. Hewa haiingii, mwanga haupiti, oksijeni hukaribia sifuri. Wanaobaki ni kambare na kamongo, wanaoweza kuvuta hewa ya juu. Konokono wa kichocho nao hujificha kwenye mizizi. Anayelivuta kwa mikono avae buti na glavu ndefu.

Fukusi walilimaliza gugu maji. Mbona linarudi?

Aina mbili za fukusi wa jenasi Neochetina ziliachiliwa Uganda mwaka 1995, na Kenya na Tanzania mwaka 1997. Fukusi aliyekomaa ana milimita 5 hivi na hukwangua majani, akiacha makovu ya mraba. Anayeua hasa ni kiwavi, anayetoboa shina hadi kwenye moyo wa mmea, maji na ukungu vikaingia. Kufikia mwaka 2000 magugu yalikuwa yamepungua sana, fukusi wakisaidiwa na mawimbi na mawingu ya El Niño ya 1997 na 1998.

Fukusi huchukua takribani miezi mitatu kutoka yai hadi ukubwani, na mmea huongezeka maradufu kila wiki mbili. Hesabu hiyo peke yake inaeleza mengi. Zulia lililodhoofika huzama na fukusi wake. Mvua kubwa ikileta matope yenye mbolea, mbegu zinaota, na fukusi hawapo wa kutosha, kama ilivyotokea Ghuba ya Winam mwaka 2006 na 2007. Mitambo ya kuvuna nayo hutoa mmea pamoja na fukusi. Anayevuna aache vipande vyenye makovu mengi visambae, avune vile visivyo na makovu.

Jihadhari pia na salvinia, jani lenye vinyweleo vilivyosimama, lililofunika sehemu ya Ziwa Kariba miaka ya 1960. Fukusi wa gugu maji hawali salvinia. Ina fukusi wake mwingine, Cyrtobagous.

Nikilivuna, nilitumie kwa nini?

Kumbuka kwamba asilimia 90 hadi 95 ni maji. Tani moja mbichi inakupa kilo 50 hadi 100 kavu, na hapo ndipo miradi mingi inapoishiwa nguvu: gharama ya kubeba maji.

Mboji inawezekana. Vuna kabla ya maua, acha linyauke siku 2 au 3 kando ya maji, katakata vipande vya sentimita 5, panga matabaka na samadi na majani makavu, lundo lisipungue mita 1 kila upande. Likifikia nyuzi 55 hadi 65 kwa siku kadhaa linaua mbegu nyingi, lakini geuza ili na za nje ziingie katikati. Lundo dogo halipati joto hilo, nawe utakuwa umepanda gugu maji kwenye mfereji wa umwagiliaji.

Usilishe mifugo wala kutengeneza mboji ya mboga kwa magugu yaliyotoka chini ya viwanda, gereji au mifereji ya miji. Mizizi yake hunasa risasi, kadimi na kromiamu kwa wingi. Mmea unaonekana na afya kwa sababu unayafungia madini hayo kwenye mizizi, mbali na majani.

Mimea ya chini ya maji na yungiyungi zimekwenda wapi?

Zimekosa mwanga. Mmea uliozama hurefusha shina kuufuata uso wa maji, hupunguza unene wa majani, na spishi nyingi huanza kutumia bikaboneti pale kabonidayoksaidi inapokwisha. Lakini mwani ukiota juu ya jani lenyewe, mbinu zote hizo zinashindwa. Mimea ikifa, hakuna kinachoshika tope, maji yanachafuka zaidi na mwanga unapungua tena. Ghuba ikishafika hapo, kupunguza uchafu kidogo hakuirudishi. Lazima upunguze sana kupita pale ilipoharibikia.

Ziwa Naivasha linaonyesha kwamba dhiki huja kwa njia nyingi: kamba wa Louisiana walioingizwa mwaka 1970 walikula mimea ya chini hadi ikatoweka maeneo makubwa, na mwaka 1988 gugu maji likaonekana humo.

Mafunjo na matete yapo kwa sababu yana mifereji ya hewa ndani ya shina inayofikisha oksijeni hadi mizizini kwenye tope. Maji yakipanda ghafla, mkeka wa mafunjo hung'oka na kuwa kisiwa kinachoelea. Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kiliziba mitambo ya umeme ya Nalubaale, Jinja, na umeme ukakatika karibu Uganda nzima.

Maziwa ya magadi je, yanafuata mkondo huohuo?

Kinyume chake. Arthrospira, sianobakteria wa Nakuru na Bogoria, wamezoea pH ya 10 hivi na magadi makali, na kwao maji mengi yasiyo na chumvi ndiyo dhiki. Ziwa Nakuru lilipofurika miaka ya 2010, magadi yalichujuka, Arthrospira wakapungua, na heroe wadogo wanaowategemea wakahamia kwingine.

Shule yetu haina vifaa. Tunaweza kupima nini?

Uangavu wa maji. Kata duara la sentimita 20 kutoka mfuniko wa ndoo, ligawe robo nne, paka nyeusi na nyeupe kwa kupishana, funga jiwe chini na kamba isiyorefuka yenye alama kila sentimita 10. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, upande wa kivuli wa mtumbwi, shusha hadi duara lipotee, andika, vuta hadi lionekane tena, andika, chukua wastani. Mimea ya chini kwa kawaida hufika kina cha mara moja na nusu hadi mbili ya kipimo hicho. Kikiwa sentimita 40, usitarajie mimea chini ya sentimita 80.

Jaribio la dhiki lifanyeni kwa lemna, si gugu maji, maana kulisafirisha ni kulisambaza. Andaeni lita 20 za maji ya mvua yenye gramu 1 ya mbolea ya NPK 17-17-17. Hiyo inatoa miligramu 8.5 za nitrojeni na 3.7 za fosforasi kwa lita. Gawanyeni kwenye bakuli za nusu lita: bila chumvi, na zenye gramu 1, 2 na 4 za chumvi ya jikoni, kila kipimo bakuli tatu. Wekeni vijani 12 vya lemna kila bakuli, kwenye mwanga usio jua kali. Hesabuni vijani kila siku kwa siku 7, mkijaza maji yaliyopungua kwa maji ya mvua. Bakuli isiyo na chumvi ikitoka 12 hadi 96, imejirudufu mara tatu, yaani kila siku 2.3. Linganisheni na nyingine, na mwandike pia rangi: kijani kinachofifia kutoka pembeni kinaonyesha mmea umeanza kupoteza usanisinuru kabla idadi haijaanguka. Kosa la kawaida ni mwani kuota bakulini na kuiba virutubisho. Funikeni pembeni kwa karatasi nyeusi, mwanga uingie juu tu.

Nikitaka maji yapimwe, nichukueje sampuli?

Chukua mbili. Ya hadubini: mililita 100, weka mililita 1 ya iodini ya Lugol hadi maji yawe rangi ya chai hafifu, funga. Ya sumu: chupa ya kioo ya nusu lita, bila Lugol, ifunikwe na karatasi ya alumini na ikae kwenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 24. Andika kwenye kila chupa tarehe, saa, mwalo, kina ulichotekea, rangi ya maji, upepo wa siku tatu zilizopita na kipimo cha uangavu. Taasisi za utafiti wa uvuvi, TAFIRI kwa Tanzania, KMFRI kwa Kenya na NaFIRRI kwa Uganda, ndizo za kuulizwa kwanza. Samaki wakiwa wamekufa, peleka pia wawili walio mahututi, wakiwa wamefungwa kwenye barafu. Aliyekwisha kufa saa kadhaa majini hawezi tena kuonyesha kilichomuua.